Kubadilisha kurasa mia nne kwa mkupuo bila kuvunja tovuti

Tarehe 1 Oktoba 2024 makato ya NHIF, hazina ya taifa ya bima ya afya nchini Kenya, yalifika mwisho, na mahali pake pakaingia SHIF chini ya mamlaka mpya iitwayo SHA. Kwenye stakabadhi ya mshahara hayo yalikuwa mabadiliko ya mstari mmoja. Kwa anayetunza tovuti ya hospitali, ya chama cha akiba na mikopo au ya kampuni ya kukokotoa mishahara hapa Nairobi, lilikuwa jambo jingine kabisa: neno la herufi nne lililotapakaa kwenye mamia ya kurasa, kwenye menyu, kwenye fomu, kwenye majina ya faili za PDF na kwenye maelezo ya picha.

Wazo la kwanza huwa lile lile la kwenye Word: tafuta, badilisha, maliza. Mfumo wa kusimamia maudhui kama WordPress unaweza kufanya hivyo kwa sekunde chache. Lakini kompyuta hutafuta herufi, haitafuti maana. Hasara kubwa huanza kabla amri haijaandikwa, pale mtu anapodhani kwamba neno moja lina maana moja popote lilipo. Tutaufuata mfano huu wa NHIF kwa WordPress, kwa sababu umebeba karibu mitego yote. Mifumo mingine ya aina hii, kama Drupal na Joomla, ina vitufe na majedwali yake, ila mitego haitofautiani sana.

Ukurasa hauko mahali pamoja

Ukurasa wa WordPress si faili. Kichwa chake, maandishi yake, hali yake ya rasimu au kuchapishwa, mwandishi na ukurasa-mzazi vimo kwenye jedwali la hifadhidata liitwalo wp_posts. Mipangilio ya ziada ya kila ukurasa imo wp_postmeta. Wijeti na mipangilio ya tovuti nzima imo wp_options. Faili zenyewe za picha na PDF haziko kwenye hifadhidata. Ziko kwenye folda ya wp-content/uploads, na maandishi ya ukurasa yanazitaja kwa jina tu.

Kwa hiyo mtu anaposema "badilisha kurasa zote" huenda anamaanisha mojawapo ya kazi tatu: kubadili sifa za kurasa, kubadili maneno yaliyo ndani, au kubadili anwani zake. Kila kazi ina zana yake, na kutumia zana ya kazi moja kwenye nyingine ndiko kunakozaa malalamiko mengi.

Kubadili sifa ndiyo kazi nyepesi. Fungua orodha ya kurasa au machapisho, weka alama kwenye visanduku, chagua Edit kwenye menyu ya Bulk actions, bonyeza Apply. Hapo unaweza kubadili mwandishi, hali, ukurasa-mzazi au kiolezo kwa kurasa zote ulizochagua. Orodha huonyesha kurasa 20 kwa wakati. Kwenye Screen Options juu kulia unaweza kuiongeza hadi 999. Usifike huko. Fomu hii hutuma kila namba ya ukurasa ndani ya anwani yenyewe ya kivinjari, na kila namba hula herufi 16 au 17. Seva ya Apache, isipobadilishwa, hukubali mstari wa ombi wa baiti 8,190, na nginx hukaribia hapo hapo. Ukichagua kurasa mia tano, seva hulikataa ombi kwa kosa namba 414 na hakuna kinachobadilika. Fanya mia mbili mbili, utalala salama.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. Kuweka alama kwenye kategoria mpya hakuondoi ile ya zamani, kwa hiyo chapisho hubaki na zote mbili hadi uiondoe ya zamani kwa makusudi. Na kugeuza rasimu themanini kuwa machapisho kwa mkupuo kunaweza kuamsha programu-jalizi ya jarida, nayo ikawatumia wasomaji wako barua pepe themanini asubuhi moja. Izime kwanza.

Neno moja, urefu mbili

Sasa maneno yenyewe. Wengi walio kwenye seva za kushirikiana huingia phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia hifadhidata kwa kivinjari, na kuandika kitu kama hiki:

UPDATE wp_posts SET post_content = REPLACE(post_content, 'NHIF', 'SHA');

Kwenye safu ya post_content amri hii haivunji muundo wowote, ingawa maana inaweza kuharibika, na tutafika huko. Madhara ya kiufundi huja mtu anapoirudia kwenye wp_options na wp_postmeta. Mipangilio mingi humo huhifadhiwa na PHP, lugha ambayo WordPress imeandikwa nayo, kwa mtindo unaotaja urefu wa kila maandishi kabla ya maandishi yenyewe. Kichwa cha wijeti kinaweza kukaa hivi:

s:15:"Malipo kwa NHIF";

Namba 15 ni idadi ya baiti zilizo ndani ya alama za nukuu. Ukibadilisha NHIF kuwa SHA kwa amri ya juu, unapata:

s:15:"Malipo kwa SHA";

Maandishi sasa ni baiti 14, lakini lebo bado inasema 15. PHP inapoyasoma inahesabu kumi na tano, inaimeza alama ya nukuu ya kufungia kama herufi ya mwisho, kisha inatafuta alama ya kufungia na kukuta nukta-mkato. Hapo inaukataa mfuatano wote, si kichwa hicho kimoja. Wijeti zote za aina ile zinatoweka, au mipangilio ya mandhari inarudi ilivyokuwa siku ya kwanza. Mara nyingi hakuna ujumbe wa kosa unaomfikia msomaji. Pembeni pa ukurasa panabaki patupu tu.

Kinachopotosha ni kwamba ukibadilisha NHIF kuwa SHIF kwa amri ile ile, kila kitu kinasimama. Zote ni herufi nne, lebo haidanganyi. Mtu anaweza kujaribu SHIF, akaridhika kwamba njia ni salama, kisha akaendelea na SHA na kuivunja tovuti. Ndiyo maana jaribio la neno moja halithibitishi njia.

Dawa ni zana inayofungua mfuatano huo, ikabadilisha, ikahesabu upya na kufunga. Kwenye terminali ni WP-CLI, programu ya kuiendesha WordPress kwa amri za kuandika, kwa amri ya wp search-replace. Asiye na terminali atumie programu-jalizi ya Better Search Replace, ambayo hufanya vivyo hivyo na ina kisanduku cha jaribio lisiloandika chochote.

Kuna mtego mwingine mdogo kwenye SQL, lugha ya amri za hifadhidata kama ile ya juu. Kwenye hifadhidata nyingi za WordPress, LIKE haitofautishi herufi kubwa na ndogo, ilhali REPLACE hutofautisha. Ukihesabu kurasa zenye neno hilo kwa LIKE unapata na zile zilizoandika "nhif". Ukibadilisha kwa REPLACE hizo zinarukwa. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili si hitilafu ya seva.

Hesabu kabla ya kugusa

Hapa ndipo muda unapofaa kutumika. Kabla ya kubadilisha chochote, jua neno lako limekaa na maneno gani. Amri hii huchukua maandishi yote yaliyochapishwa, huchomoa kila NHIF pamoja na maneno mawili yaliyoitangulia, kisha hupanga kwa wingi:

wp db query "SELECT post_content FROM wp_posts WHERE post_status='publish'" --skip-column-names | grep -oE '[[:alpha:]]+ [[:alpha:]]+ NHIF' | sort | uniq -c | sort -rn

Tuseme inaleta hivi:

61 michango ya NHIF
38 kadi ya NHIF
22 ofisi za NHIF
9 Jengo la NHIF

Kisha hesabu NHIF zote bila maneno ya mbele, kwa kuweka grep -o NHIF na wc -l mahali pa zile grep, sort na uniq. Ikiwa jumla ni 210 na orodha yako inafikia 130, basi 80 zimejificha mwanzoni mwa sentensi, ndani ya herufi nzito au kwenye viungo. Hizo zitazamwe kwa macho.

Orodha hiyo fupi inafichua kwamba unachokishika ni maneno manne yanayofanana sura. NHIF ilikuwa jina la hazina na pia la taasisi iliyoiendesha. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 ilivitenganisha: SHA ni mamlaka, SHIF ni hazina inayopokea michango. Kwa hiyo "michango ya NHIF" inakuwa "michango ya SHIF", na "ofisi za NHIF" zinakuwa "ofisi za SHA". Ukitumia neno moja kwa zote, nusu ya kurasa zako zinasema jambo lisilo sahihi.

"Kadi ya NHIF" haiponi kwa kubadilishwa jina. Wakenya walitakiwa kujisajili upya kwenye SHA, hata waliokuwa wanachama wa NHIF kwa miaka mingi. Sentensi inayomwambia mgonjwa aje na kadi inahitaji kuandikwa upya na mtu anayejua dawati la mapokezi sasa linataka nini.

"Jengo la NHIF" pale Ragati Road, Upper Hill, ni kielekezi cha njia. Anayeteremka kwenye matatu analiuliza kwa jina analolijua. Kurasa tisa zinazoelekeza watu zinaweza kuachwa, au kuongezewa jina jipya kando ya lile la zamani. Sisi tungeongeza.

Halafu kuna historia. Ukurasa unaosema "NHIF ilianzishwa mwaka 1966" uko sawa. Ukipitiwa na mashine utasema SHA ilianzishwa 1966, na huo ni uongo uliochapishwa kwa jina la hospitali yako. Habari za 2018, taarifa za mwaka na matangazo ya kazi ya zamani zibaki kama zilivyoandikwa.

Hatari kubwa kuliko zote imo kwenye tarakimu. Chini ya NHIF, mwenye mshahara wa shilingi 50,000 alikatwa 1,200, kwa ngazi zilizoanzia 150 na kuishia 1,700. SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, na kima cha chini ni 300. Mtu yule yule sasa anakatwa 1,375. Ukurasa uliobadilishwa kwa mashine utasema "SHIF kwa mshahara wa 50,000 ni 1,200", na utaonekana mpya, jina lipo, hakuna wa kuushuku. Ukurasa wa zamani wenye jina la zamani angalau humfanya msomaji ajiulize. Kwa hiyo kila ukurasa wenye jedwali la viwango utolewe kwenye orodha ya mashine na upewe mtu.

Mwisho ni majina ya faili. Kiungo kinachoelekeza kwenye uploads/2019/07/Fomu-ya-NHIF.pdf kikibadilishwa kuwa Fomu-ya-SHA.pdf kinaelekeza kwenye faili isiyokuwepo, kwa kuwa amri iligusa maandishi na faili ilibaki na jina lake. Njia rahisi ya kujikinga ni kutafuta fungu la maneno lenye nafasi, "fomu ya NHIF", badala ya herufi nne peke yake. Majina ya faili huwa na vistari, hayana nafasi, kwa hiyo hayanaswi.

Kiswahili kina mtego wake ambao mwongozo wa kigeni hautakuonya. NHIF na SHA zilitubariki kidogo: hazina na mamlaka zote huchukua "ya" na "i-", kwa hiyo "NHIF ililipa" na "SHA ililipa" zinasimama. Jaribu nomino nyingine. Hospitali inaamua kwamba "kituo" sasa kiitwe "tawi". Mashine inachukua "Kituo chetu cha Umoja kimefunguliwa" na kukupa "Tawi chetu cha Umoja kimefunguliwa". Upatanisho umevunjika mara tatu kwenye sentensi ya maneno matano. "Vituo" haikuguswa, "kituoni" imegeuka "tawini", jambo ambalo hakuna asemaye anapoongea kuhusu tawi la hospitali. Na maneno mafupi ndiyo mabaya zaidi: tafuta "kata" uone inavyojitokeza katikati ya "mkataba". Kwa nomino za Kiswahili, mashine iachiwe kutafuta. Kuandika ni kwa mkono.

Nakala ya akiba, na kwa nini kurudisha nyuma si kubadilisha kinyume

Wapo wanaosema: ikienda vibaya, nitabadilisha SHA kuwa NHIF tena. Haiwezekani. Kichwa cha ukurasa kilichoandikwa MSHAHARA kwa herufi kubwa kina SHA ndani yake. Ukibadilisha kinyume utapata MNHIFHARA. Na zile SHA halali zilizokuwepo tangu mwanzo zitageuka NHIF. Kurudi nyuma ni kwa nakala ya akiba tu:

wp db export ~/akiba/kabla.sql

Angalia mahali inapokwenda. Usipotaja njia, faili huandikwa kwenye folda uliyomo, ambayo mara nyingi ni public_html, folda ya tovuti iliyo wazi kwa umma, na yeyote anayelikisia jina anaweza kuipakua. Humo mna barua pepe za wateja, namba za simu na nywila zilizofumbwa. Kuziacha wazi ni jambo linalokugonganisha na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kisha soma mstari wa mwisho wa faili kwa amri ya tail. Nakala iliyokamilika huishia na maneno "Dump completed" na tarehe. Yasipokuwepo, nafasi ya diski iliisha au muunganisho ulikatika, na unachokishika ni nusu ya tovuti. Irudishe pia kwenye tovuti ya majaribio uone inafunguka. Hapo ndipo utakapogundua, kabla ya shida, kwamba phpMyAdmin ya mwenye seva wako haipokei faili ya megabaiti 60.

Kwa duka la mtandaoni kuna la kuzingatia zaidi. Ukirudisha nakala ya saa nne asubuhi ilhali ni saa saba mchana, maagizo yote ya saa tatu hizo yanafutika. Pesa za M-Pesa zimeshapita. Rekodi ya nani alinunua nini haipo. Katika maduka ya zamani ya WooCommerce maagizo hukaa humo humo ndani ya wp_posts, kwa hiyo hata kurudisha jedwali hilo peke yake hakukuokoi. Funga malipo kwa nusu saa ya kazi na uweke tangazo. Chagua pia siku: tovuti ya mishahara hutembelewa sana kabla ya tarehe 9, siku ya mwisho ya kuwasilisha kodi ya mishahara (PAYE), kwa hiyo wiki hiyo isiguswe.

Marekebisho ya awali yanayohifadhiwa na WordPress hayachukui nafasi ya nakala hii. Yanakaa kwenye wp_posts, na wp search-replace inayapitia pia. Ukifungua historia ya ukurasa baadaye ukitafuta maandishi ya zamani, utakuta na yenyewe yamebadilishwa.

Kuendesha

Kwa maandishi ya kurasa, tunapendelea skripti fupi kuliko search-replace, kwa sababu inakuruhusu kuchagua kurasa kwa namba. Andaa orodha.txt yenye namba za kurasa ulizozikubali, moja kwa kila mstari, baada ya kuondoa zile za historia na za viwango. Halafu badili.php:

<?php
$jozi = array(
  'michango ya NHIF' => 'michango ya SHIF',
  'Michango ya NHIF' => 'Michango ya SHIF',
  'ofisi za NHIF' => 'ofisi za SHA',
);
foreach ( file( 'orodha.txt', FILE_IGNORE_NEW_LINES ) as $id ) {
  $p = get_post( (int) $id );
  if ( ! $p ) continue;
  $mpya = strtr( $p->post_content, $jozi );
  if ( $mpya === $p->post_content ) continue;
  wp_update_post( array( 'ID' => $p->ID, 'post_content' => wp_slash( $mpya ) ) );
  echo $p->ID . "\n";
}

Iendeshe kwa wp eval-file badili.php. Vitu viwili humo havipaswi kuachwa. Cha kwanza ni strtr. Ikipewa orodha ya jozi, hujaribu fungu refu kwanza, na haigusi tena kile ilichokwisha kubadilisha. Ukitumia str_replace, jozi hufuatana moja baada ya nyingine, na jozi fupi ikitangulia inazila zote. Cha pili ni wp_slash. WordPress huondoa mikwaju ya nyuma kwenye maandishi inayopokea. Bila wp_slash, mipangilio ya bloku yenye alama kama \u003c inabaki u003c, na herufi hizo zinaanza kuonekana katikati ya ukurasa. Likitokea kwenye kurasa mia nne, ni kazi ya siku nzima.

Njia hii huacha alama kwenye historia ya marekebisho ya ukurasa, lakini pia huandika tarehe ya leo kuwa siku ya marekebisho. Kwa kurasa ambazo habari yake imebadilika kweli, hilo ni sahihi. Kwa kusahihisha kosa la tahajia kwenye makala mia tatu, si haki kwa msomaji kuambiwa zote ni mpya. Hapo search-replace, ambayo haigusi tarehe, inafaa zaidi.

Kwa wijeti na mipangilio, rudi kwenye WP-CLI, kwanza bila kuandika:

wp search-replace 'Malipo kwa NHIF' 'Malipo kwa SHA' wp_options wp_postmeta --dry-run --report-changed-only

Jedwali litakaloonekana linahesabu mistari iliyoguswa. Ukurasa wenye neno hilo mara kumi huhesabiwa mara moja. Namba ikilingana na ulivyotarajia, ondoa --dry-run. Isipolingana, usiendelee hadi ujue kwa nini. Kuna pia --regex kwa kutafuta kwa ruwaza. Ni polepole mara kumi na tano hadi ishirini, na kosa la nukta moja ndani ya ruwaza hufika kila mahali.

Ukifanya kazi hii kutoka nyumbani, anza na tmux new -s kazi kabla ya amri yoyote; tmux ni programu inayoiweka terminali yako hai kwenye seva. Stima ikipotea na ruta ikazimika, amri iliyofunguliwa kwenye muunganisho wa kawaida hufa katikati na kuacha kurasa 170 zimebadilika, 230 bado. Ndani ya tmux inaendelea kwenye seva, na ukirudi unaikuta kwa tmux attach -t kazi.

Lahajedwali nayo ni njia, na wengi huipenda: unatoa kurasa kama CSV, unahariri kwenye Excel, unarudisha. Inafaa kwa vichwa na maelezo mafupi. Lakini Excel ikifungua faili hiyo moja kwa moja, namba ya simu inayoanza na 07 inapoteza sifuri, na ile ya tarakimu kumi na mbili inayoanza na 254 inageuka kitu kama 2.547E+11, ukihifadhi tu, imekwisha. Ingiza data kupitia menyu ya kuleta maandishi na uiambie safu hizo ni maandishi. Wakati wa kurudisha, linganisha kwa ID. Ukilinganisha kwa kichwa, kila kichwa ulichokihariri kinakuwa ukurasa mpya, na wa zamani unabaki.

Anwani

Kama unaweza kuacha anwani za kurasa zilivyo, ziache. Anwani yenye "nhif" ndani haimdhuru msomaji, na imeshasambazwa kwenye vikundi vya WhatsApp ambavyo huwezi kuvirekebisha. Ukilazimika, jua kwamba WordPress hukumbuka anwani ya zamani ya machapisho ya kawaida pale unapobadilisha kwa njia yake, lakini haifanyi hivyo kwa kurasa, na haifanyi kabisa ukibadilisha moja kwa moja kwenye hifadhidata. Kila anwani iwe na uelekezaji wa 301, unaompeleka msomaji kutoka anwani ya zamani hadi mpya, ulioandikwa kabla ya mabadiliko. Safu ya guid usiiguse. Ni kitambulisho ambacho visomaji vya habari hutumia kujua kwamba chapisho si jipya. Ongeza --skip-columns=guid. Na kwa tovuti iliyojengwa kwa Elementor, programu-jalizi ya kuchora kurasa, tafuta anwani mara mbili: mara moja kama ilivyo, na mara ya pili ikiwa na mkwaju wa nyuma mbele ya kila mkwaju, maana ndivyo ilivyohifadhiwa humo.

Baada ya hapo

Futa kache: ya WordPress kwa wp cache flush, ya programu-jalizi, ya seva, na ya mtandao wa usambazaji kama upo. Watu wengi hudhani kazi imeshindikana kumbe wanatazama ukurasa wa jana. Tovuti yenye Yoast, programu-jalizi ya kuandaa kurasa kwa ajili ya Google, huhifadhi maelezo ya kurasa kwenye jedwali lake pia. Ukiyabadilisha kwenye wp_postmeta moja kwa moja, endesha wp yoast index --reindex, vinginevyo Google itaendelea kusomewa yale ya zamani.

Fungua kurasa ishirini kwa mkono, si ishirini za mwanzo wa orodha. Chukua yenye jedwali, yenye fomu, yenye PDF, ya zamani kuliko zote, na moja ambayo haikupaswa kubadilika. Zifungue kwenye simu na kwenye kompyuta. Rudia ile amri ya kuhesabu. NHIF zinazobaki zinapaswa kuwa zile tu ulizoziacha kwa jina na kwa sababu.

Kwa wiki mbili soma kumbukumbu ya seva ukitafuta kosa la 404, hasa kwenye folda ya uploads, kwa kuwa viungo vya PDF vilivyovunjika haviripotiwi na mtu. Msomaji hubonyeza, hakipo, anaondoka. Ile faili ya kabla.sql iache mahali pake nje ya public_html mpaka tarehe 9 ya mwezi unaofuata ipite. Ndipo wahasibu wanapofungua zile kurasa za pembeni ambazo hakuna mwingine anayezifungua, na kosa lililobaki hujulikana siku hiyo.